Mlango wa Mwerezi

Paukwa!

Pakawa!

Nanyi huko nyuma, msipotulia zimwi nitawaachia nyinyi.

Mbali kaskazini, kwenye pwani ya baridi na ukungu, waliko Wasalishi, wenyeji wa kale wa Amerika, palikuwa na mchongaji, jina lake Delfina, na bintiye Nora. Mikono ya Delfina, jamani! Alichukua michoro ya wazee wake, duara, hilali na kabari, akaifanya samaki wapya.

Wachongaji wa huko mwerezi hawauangushi. Hubandua ubao mmoja tu, mti ukabaki hai. Na kabla ya kubandua huuomba: "Mwerezi, nipe."

Basi, siku moja Delfina alikuwa na haraka ya maonyesho mjini. Akabandua ubao.

"Mama, hujaomba," Nora akasema.

"Tumechelewa, twende!"

Haya, haraka haraka haina baraka. Mti ule ulikuwa nyumba ya zimwi, na ubao ule ndio mlango wake.

Kesho yake ukungu ukatanda. Sauti ikaita nje: "Delfina, baridi inaniingia. Mlango wangu!"

Delfina akasikia, akauinamia ubao ule ule. Akachonga mkia wa samaki.

Siku ya pili: "Delfina, baridi inaniingia. Mlango wangu!"

Hakutoka. Akachonga mapezi. Kiburi, wanangu, kiburi!

Siku ya tatu: "Delfina, baridi inaniingia. Sasa nimepata cha kunipa joto."

Delfina akageuka. Kiti cha Nora kitupu.

Mama wee! Akajitwika ubao, akakimbia mpaka kwenye mwerezi. Ndani ya tundu lililoachwa na ubao, gizani, zimwi limemkumbatia mtoto, na midomo ya mtoto imepauka.

"Mlango wako huu. Nipe mwanangu!"

Zimwi likaupapasa ubao. "Samaki mzuri. Mbona hana jicho?"

"Jicho huchongwa mwisho. Mtoe mtoto, nilichonge."

"Chonga kwanza. Na mchoro ukae upande wangu, niutazame."

Delfina akashika patasi. Hapo ndipo alipokumbuka kuomba, machozi yakimtoka: "Mwerezi, nisamehe. Mwerezi, chukua utakacho kwangu. Mwerezi, niachie mwanangu."

Akachonga duara. Akachonga hilali. Akachonga kabari. Jicho la samaki likafumbuka.

Mti ukatikisika, ukamtema Nora nje. Delfina akausukuma ubao mahali pake, gome likaufunika, zimwi likabaki ndani. Akamkumbatia mwanawe, akamfikicha mikono mpaka joto likamrudia.

Lakini jicho la kulia la Delfina halikuona tena mtoto, wala ukungu, wala njia.

Mpaka leo, akifumba la kushoto, la kulia huona ndani ya mwerezi. Zimwi limekaa, linamtazama, linatabasamu.

"Delfina," linasema, "sasa kuna joto. Karibu."

Hadithi yangu imeishia hapo, na mlango ungali umefungwa. Cha mtu huombwa, wanangu. Hata cha mti.