Pimbi na Kasuku Aliyemjibia

Paukwa!

Pakawa!

Wa huko nyuma, sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa najua mko macho.

Hapo kale, kale hasa, wanyama watano walilinda Kilima cha Mawemoto. Mmoja alikaa kileleni, wanne walikizunguka. Wa kileleni alikuwa Bi Kwale. Asubuhi, adhuhuri na jioni aligonga gogo lake, ko! ko! ko! akaita kwa zamu:

"Fulani, upo?"

"Nipo, mzima!"

Asiyejibu mara tatu, jirani yake alikimbia kwenda kumtazama. Sheria yenyewe ndiyo hiyo. Kwayo Paa alitolewa mtegoni, na Kobe aliyelala chali akageuzwa.

Mmoja wa walinzi alikuwa Pimbi. Nasema pimbi, sisemi perere. Perere hukaa mtini. Pimbi hukaa mwambani, akaota jua. Na Pimbi huyu alichoka kuitwa.

"Kila siku upo, upo! Nitakwenda wapi mimi?"

Akamwendea Kasuku. "Bwana Kasuku, kaa juu ya mwamba wangu. Ukisikia ko ko ko, sema: Nipo, mzima!"

"Nitapata nini?"

"Makuyu mabivu, tumbo tele."

Basi Kasuku akajibu. Pimbi akashuka bondeni, akala. Kesho akala. Keshokutwa akala. Akanenepa, akawa mviringo.

Siku moja, adhuhuri, akarudi kwake. Mlango wake ulikuwa ufa wa mwamba. Akaingiza kichwa. Akaingiza mabega. Tumbo likasema hapana. Kwenda mbele, haendi. Kurudi nyuma, harudi. Kichwa ndani, makalio nje.

Akalia, "Nisaidieni!" Sauti ikaishia mwambani.

Mara kivuli kikapita mgongoni, baridi. Pimbi akakijua bila kukiona. Tai Mweusi! Tai ambaye chakula chake ni pimbi.

Ko! ko! ko!

"Bwana Pimbi, upo?"

"Nipo, mzima!" akajibu Kasuku.

"Sipo mzima!" akalia Pimbi ndani ya jiwe. "Nyamaza, Kasuku! Nakuomba, nyamaza mara tatu tu!"

Kileleni, Bi Kwale akatazama juu. "Bwana Pimbi, Tai yuko juu yako!"

"Nipo, mzima!"

"Ingia ndani, ndugu yangu!"

"Nipo, mzima!"

Bi Kwale akatikisa kichwa. "Pimbi ninayemjua mimi, akimwona Tai hupiga kelele hadi ng'ambo ya mto. Huyu ni mzima kupita kiasi. Mzee Nungunungu! Mwendee jirani yako!"

"Lakini amejibu," akasema Nungunungu. "Sheria inasema asiyejibu."

"Mzee, nenda!"

Nungunungu akaenda, ananung'unika, kacha-kacha, kacha-kacha. Akafika, akaona makalio. Akaona na Tai anashuka, vuuu! Nungunungu hupigana kinyumenyume. Akageuka, akasimamisha miiba, akarudi nyuma kwa nguvu zote.

Mwiba mmoja ukaingia kwenye mguu wa Tai. Tai akapaa, analia. Miiba saba ikaingia kwenye makalio ya Pimbi.

"Mama yangu wee!" Pimbi akaruka, chopo! Akapita ufani, akaangukia ndani kwake.

Jioni ikafika. Kasuku alikuwa amekwisha kufukuzwa. Ko! ko! ko!

"Bwana Pimbi, upo?"

"Nipo."

"Mzima?"

Sauti ndogo ikajibu: "Si mzima, Bi Kwale. Siwezi kukaa."

Kilima kizima kikacheka. Bi Kwale akacheka kuliko wote. "Ahsante, ndugu yangu! Jibu la kweli la kwanza mwezi huu. Mzee Nungunungu, mpelekee dawa. Nenda ukiwa umetanguliza uso, tafadhali."

Funzo ni hili: anayekuuliza hali anataka kukusaidia. Ukimpa jibu la uongo, umeufunga mlango ambao msaada ungepitia. Naye anayeuliza asitosheke na sauti, atazame pia.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeitika Pakawa huku amesinzia, mwenzake amwamshe.