Shule ya Mama Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mashamba, mikutano na majirani wabaya kama tulivyo nao sisi, aliishi mjane mmoja, Mama Nguchiro, na watoto wake watano. Mali yake ilikuwa shamba moja tu. Juu lilipakana na la Nyati, chini na la Kiboko. Acha kujikuna wewe, sikiliza.

Sheria ya kijiji ilisema hivi: mvua ya kwanza ikikuta shamba halijalimwa, majirani wanagawana. Mwaka huo Mama Nguchiro aliugua homa mwezi mzima. Alipoinuka kitandani, mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika na shamba lote ni magugu.

Akaenda kuomba msaada.

"Aka! Nina shughuli zangu," alisema Nyati.

"Na mimi mgongo unaniuma," alisema Kiboko, ambaye mgongo haujamuuma tangu azaliwe.

Mama Nguchiro alijua wanangoja nini. Alirudi nyumbani akilia, maana bila shamba lile watoto wangekufa njaa. Alipochoka kulia, akafikiri.

Siku hizo kijijini habari ilikuwa moja: wageni kutoka ng'ambo wanakuja, na atakayejua Kiingereza atapewa kazi ya kuwapokea. Nyati na Kiboko waliitaka kazi hiyo kufa na kupona. Mama Nguchiro naye alizaliwa chini ya sakafu ya darasa la tano. Masomo yote aliyasikia humo.

Akawafuata tena. "Majirani, Kiingereza chenu kimefika wapi?"

"Tunajua kuja, kwenda na kula," alijibu Nyati kwa maringo.

"Hivyo ni vitenzi. Vielezi je? Mgeni atawauliza kazi mmeifanya vipi, wapi, lini, mara ngapi. Si mtabaki kutoa macho tu?"

Wakatazamana. "Tufundishe basi!"

"Nitawafundisha. Kesho njooni na majembe."

"Majembe ya nini?" aliuliza Kiboko.

"Ebo! Umeona wapi mwanafunzi anaanza shule bila jembe?"

Kwa kweli, hakuwahi kuona.

Asubuhi wakapanga mstari, wakubwa wale, mbele ya mwalimu asiyefika hata magotini mwao. "Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Kielezi hakikai kichwani mpaka mwili ukifanye. Lima! *Slowly*, yaani polepole."

Kwachu... kwachu...

"Sasa *quickly*, haraka!"

Kwachu! Kwachu! Kwachu! Vumbi tifu!

"*Here*, hapa! *There*, kule kwenye kona! Wewe Kiboko, unasinzia? *Always* maana yake ni siku zote, si mpaka utakapochoka!"

Siku ya pili Nyati akaanza kushtuka. "Ndugu yangu, mbona tunalima sana?"

Kiboko akacheka chinichini. "Mjinga wewe. Hili shamba si litakuwa letu? Tunajilimia wenyewe!"

"Hee! Kweli bwana!" Nyati akalima mpaka mpini ukavunjika, akaenda kuleta mwingine.

Siku ya nne jioni, magugu yalikuwa yamekwisha. Usiku mvua ikashuka, chwaa!

Kulipokucha, majirani wakamleta Mwenyekiti Twiga na kijiji kizima. "Mwenyekiti, mvua imenyesha. Tugawie," alisema Nyati.

Twiga akashusha shingo, akatazama. "Mbona limelimwa?"

"Tumelima sisi!"

"Waulize kwa Kiingereza, Mwenyekiti," alisema Mama Nguchiro. "Wamesoma hawa."

Twiga akauliza: mlilima vipi?

"*Quickly!*" alinguruma Nyati.

Wapi?

"*Here!*"

Lini?

"*Yesterday*, jana!" Kiboko alidakia.

Mara ngapi?

"*Always!*" wakajibu pamoja, na kijiji kikapiga makofi pwapwapwa. Walivimba vichwa kwa raha.

"Mmejibu vizuri," alisema Twiga. "Kwa hiyo shamba limelimwa kabla ya mvua, nanyi wenyewe ndio mashahidi."

Makofi yalikatika.

"Lakini jasho ni letu!" alilia Kiboko. "Tumelima siku nne!"

"Mlilima kama nani?"

"Kama... wanafunzi."

"Haya niambie, Kiboko. Mwanafunzi akilima shamba la mwalimu, mavuno ni ya nani?"

Nyuma kule mtu akaangua kicheko, maana waliopita shule walikuwa wengi.

"Ya mwalimu," alisema Kiboko, macho chini.

Mama Nguchiro alifungua kikapu cha mbegu, akawaita watoto wake watano, wakaanza kupanda.

Nanyi mshike hili: mwenye tamaa ya shamba la mwenzake hulima asikovuna.