Jina la Shule ya Darajani

Hapo zamani, si ile ya mababu bali hii ambayo mama zetu waliiona kwa macho, palikuwa na nchi iliyopigana yenyewe kwa yenyewe miaka saba. Kaskazini ya mto waliua, kusini ya mto waliua. Vita vilipokwisha, kila upande ukawafundisha watoto wake kwamba wauaji ni wale wa ng'ambo.

Mwalimu Nyamizi wa kaskazini akasema, "Hapana." Akachukua daftari, akavuka daraja. Nyumba hadi nyumba akauliza: nani alikufa, nani alimuua? Walimfukuza, akarudi. Walimrushia mawe, akarudi. Mwaka wa tisa akatoa kitabu cha historia chenye majina ya wafu na wauaji wa pande zote mbili.

Nani alikisoma? Hakuna. Watu waliogopa hata kukigusa.

Ndipo Mlekwa, fundi cherehani wa kusini aliyewahi kuwa askari, akaandika riwaya. Humo askari anamzika adui ambaye yeye mwenyewe amemuua, anakuta barua ya mtoto mfukoni mwa maiti. Askari yule alikuwa Mlekwa mwenyewe. Watu wakasoma, wakalia, wakaulizana, "Haya yalitokea kweli?" Wakaenda kutafuta jibu kwenye kitabu cha mwalimu.

Wakubwa wa vita wakayaona majina yao humo. Wakakusanya nakala zote, za historia na za riwaya, wakazichoma. Zikabaki mbili tu, moja ya kila kitabu, katika maktaba ya mjini. Wakatuma vijana wakazichome nazo.

Mfagiaji wa maktaba hiyo alikuwa Mama Shija. Alikwisha kukisoma kitabu cha mwalimu, akajua ukurasa unaomtaja mwanawe: Shija alichoma ghala lenye watu ndani. Angewaachia vijana wavichome, aibu ya mwanawe ingeungua navyo. Akavitia vitabu vyote viwili kwenye gunia, akamwagia mkaa juu, akatoka.

"Umebeba nini, mama?" vijana wakamuuliza mlangoni.

"Mkaa, wanangu. Nipisheni, mgongo unauma."

Kwa nakala hizo, vitabu vikachapwa upya. Shija akaukuta ukurasa wake. Mwezi mzima hakukanyaga kwa mama yake. Kisha akavuka daraja, akapiga magoti mbele ya waliofiwa. Akafungwa. Kila Jumamosi mama humpelekea ugali na samaki, nao hucheka kidogo.

Sasa pande zote mbili zimejenga shule moja, pale darajani. Wamekubaliana iitwe kwa jina la mmoja wa hawa watatu.

Mwalimu Nyamizi akasema, "Bila mimi, wafu wasingekuwa na majina."

Mlekwa akasema, "Bila mimi, majina hayo yangeliwa na mchwa. Ni nani aliyewatia watu hamu ya kuyasoma?"

Mama Shija akajifuta mikono kwenye khanga. "Mimi sikuandika hata mstari. Lakini ninyi mlitoa habari za wafu. Mimi nilimtoa aliye hai."

Rangi imekwisha kukorogwa. Fundi wa rangi yuko juu ya ngazi, brashi mkononi, na watoto wa ng'ambo zote mbili wamejazana chini wakimpigia kelele aanze.

Je, wenzangu, aandike jina la nani?