Rangi Haishiki Penye Mafuta

"Rangi haishiki penye mafuta." Mmemsikia shangazi yenu akiwaambia maharusi maneno hayo, mkacheka, mkidhani anazungumzia kuta za nyumba. Methali hiyo, wanangu, ilitokana na bunduki.

Palikuwa na kambi ya askari wa wanyamapori bondeni, mahali ambapo ukungu hukawia kuondoka, na watu hutembea ndani yake kama wamo ndotoni. Kyando na Ambokile walishika doria huko pamoja, wakilinda tembo.

Siku moja, wakivuka mto, Kyando aliteleza na bunduki yake ikagonga mwamba. Haikuvunjika, ila ubavu wake wa aluminiamu ulichubuka rangi nyeusi, pakabaki peupe, panang'aa kama tumbo la samaki. Mkuu wa kambi alipouliza, Kyando akaingiwa na hofu. "Ambokile alinisukuma," akasema. Ambokile akaondolewa doria, akawekwa langoni. Hakubisha.

Kyando akapaka rangi pale palipochubuka. Ikabanduka. Akapaka tena, ikabanduka tena. Asubuhi moja jua likapiga pale peupe, na majangili walio ng'ambo ya mto wakaona mmeto, wakafyatua risasi. Ilipita karibu na sikio lake. Akajilaza katika nyasi ndefu, dunia ikawa kimya, nyuki wakivuma mbali, naye akajikuta anamwita Ambokile, ambaye hakuwapo.

Aliporudi salama, akampelekea bunduki Bi Sekela, fundi wa silaha. Mama yule akaifungua, akalowesha kitambaa kwa spiriti, akafuta. Kitambaa kikatoka cheusi. Akachukua kingine, akafuta tena, taratibu, kama anayemwogesha mtoto.

"Mama, mbona hupaki?" Kyando akauliza.

"Rangi haishiki penye mafuta, mwanangu. Wewe ulipaka juu ya mafuta ya kusafishia bunduki, aluminiamu yenyewe hukuigusa."

"Nami nililaumu rangi!"

"Rangi ina kosa gani?"

Kyando akamkumbuka Ambokile. Tangu siku ile ya mtoni alikuwa akimpelekea Ambokile asali, tumbaku na salamu, na vyote vilirudishwa. Akatoka, akapita katika ukungu hadi langoni.

"Umeleta asali tena?" Ambokile akauliza.

"Sikuleta kitu. Niliteleza mwenyewe, nikakusingizia kwa woga. Twende kwa mkuu, nikaseme mbele yako."

Ambokile akasimama. "Neno hilo tu ndilo nililokuwa nikilingoja," akasema.

Wakaenda. Kyando akahukumiwa kulinda lango masika yote, na Ambokile akarudi doria na bunduki ile, sasa imepakwa rangi na Bi Sekela, nyeusi, haimeti tena. Kila alipopita langoni alisimama, wakazungumza hadi mkuu apige kelele. Waliouliza wamepatanaje, Kyando aliwajibu kwa maneno ya Bi Sekela.

Basi mmoja wenu akimkosea mwenziwe, zawadi zisitangulie. Aseme kwanza alichokosa, kwa jina lake. Rangi haishiki penye mafuta.