Fisi Aliyejionea Wivu

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa daraja.
Na darajani?
Mlinzi.
Na mlinzi ataka nini?
Karatasi.
Basi mwenye karatasi apite, na asiye nayo akae hapa na mimi, asikilize.

Hapo kale palikuwa na nchi mbili, Huku na Kule. Kati yake mto, juu ya mto daraja, na mwisho wa daraja amesimama Korongo kwa mguu mmoja. Mguu wa pili ameshika mhuri. Ukifika kwake humwambii wewe ni nani. Unampa karatasi. Anaisoma, anagonga, pa, unapita. Usoni hakuangalii hata kidogo.

"Mimi sisomi wanyama," alizoea kusema. "Nasoma karatasi."

Huku aliishi Nguchiro. Mwili mdogo, mkia mrefu, akili mpaka zinamwagika. Alikuwa na mke, Siwatu, mtoto wa Kule. Lakini Siwatu aliolewa kwa ahadi: mkwe avuke daraja, alime shamba la mama mkwe, ndipo ndoa itimie. Nguchiro akaahidi. Ahadi ni kitu chepesi mtu akiwa anamtazama Siwatu. Msimu ukaja, msimu ukapita, Nguchiro hajavuka. Mama Siwatu akaja mwenyewe, akamshika binti yake mkono, akarudi naye kwao. Mlangoni akaacha neno moja.

"Mvua ya kwanza ikinyesha shamba halijalimwa, Siwatu namwoza mwingine."

Na shamba lenyewe mngeliona. Visiki, mizizi, mawe, visiki tena. Na mkono wa Nguchiro haufiki unene wa kidole changu hiki. Akakaa, akalia kidogo, akafuta machozi, akaenda kupanga foleni ya karatasi.

Kwenye foleni alikuwa na jirani yake, Fisi. Fisi akapewa karatasi yake. Imeandikwa: Fisi, mgeni. Mhuri mmoja. Akafurahi, akaikunja, akaiweka kwapani. Kisha Nguchiro akapewa yake. Imeandikwa: Nguchiro, mkwe anayesubiriwa. Mihuri miwili, mmoja wa Huku na mmoja wa Kule, yote myekundu.

Fisi hakuwa na shida na karatasi yake mpaka alipoiona ya mwenzake. Ndivyo wivu ulivyo. Hata mimi nina jirani ana karatasi ya kuvukia, ameitia kwenye fremu, ameitundika sebuleni. Simtaji jina. Ni yule mwenye bati jipya. Kila nikienda kuomba chumvi lazima niione, na kila nikiiona chumvi inanitoka akilini.

Turudi kwa Fisi. Nguchiro aliliona lile jicho. Akajua jicho la aina hiyo halilali bure, linaweza kufanyishwa kazi.

Asubuhi akakaa kizingitini pake. Akaitoa karatasi, akaitazama, akainusa, akaificha. Fisi akapita.

"Una nini hapo, bwana mdogo?"

"Sina kitu, kaka."

Fisi akaenda, akarudi. Nguchiro akaitoa, akaitazama, akainusa, akaificha.

"Una nini hapo, bwana mdogo?"

"Sina kitu, kaka."

Fisi akaenda, hakufika mbali, akarudi. Safari hii moyo ulikuwa unamuuma kama jino.

"Nimeiona. Mkwe anayesubiriwa. Mimi naitwa mgeni, wewe unasubiriwa. Wanakusubiri na nini?"

"Sijui, kaka. Nasikia tu mkwe akifika huchinjwa."

"Huchinjwa nani?"

"Mbuzi, kaka."

Muwe mashahidi hapo, Nguchiro hakusema uongo. Kwa desturi ya Kule, mkwe akifika mbuzi huchinjwa. Ni nani anayemla, Fisi hakuuliza. Mwenye wivu haulizi maswali mengi, ana haraka.

"Tubadilishane," akasema Fisi.

"Haiwezekani, kaka. Hiyo ni ndoa yangu."

"Lete, au nikumeze pamoja na hiyo karatasi."

Nguchiro akalia. Machozi yalikuwa ya kweli? Mimi sikuyaonja. Akatoa yake, akapokea ya Fisi, na Fisi akaondoka anacheka hii hii hii mpaka darajani.

Korongo akapokea karatasi, macho chini.

"Nguchiro?"

"Ndiye."

"Mkwe?"

"Ndiye hasa."

Pa. Nyuma kwenye foleni Kobe akasema, "Afande, huyo mbona ni Fisi?" Korongo akamjibu bila kuinua kichwa, "Mihuri miwili inasema Nguchiro. Wewe una mihuri mingapi?" Kobe akarudisha kichwa ndani.

Akafika Nguchiro na karatasi ya Fisi.

"Fisi?"

"Ndiye, afande."

"Sauti yako nyembamba leo."

"Mafua, afande."

Pa. Wote wawili wakawa Kule.

Sasa sikilizeni desturi za Kule. Mkwe na mama mkwe hawatazamani, ni aibu kubwa. Na mkwe hali chakula mahali ambapo mama mkwe anaweza kumsikia akitafuna. Kwa hiyo Mama Siwatu alikuwa amekaa ukingoni mwa shamba, amejifunika shuka, amempa mgeni mgongo. Akanyoosha mkono nyuma ya bega, akapewa karatasi, akaisoma, akaona mihuri yote miwili, akairudisha.

"Karibu, mkwe wangu. Nimekusubiri sana. Jembe lile pale."

"Jembe?" Fisi akameza mate. "Na mbuzi, mama?"

"Mbuzi yuko jikoni, anaiva. Lakini mkwe hali mbele ya mama mkwe. Nikiondoka hapa utakula."

"Utaondoka lini, mama?"

"Shamba likiisha."

Majirani walimwona kuwa ni Fisi. Walimwona masikio, wakamwona madoa. Lakini nani abishane na mihuri miwili? Na Fisi mwenyewe angesema nini, na pale darajani alisema "ndiye hasa"? Akashika jembe.

Pu, pu, pu. Kisiki kikang'oka. Tumbo, nguru nguru. Pu, pu, pu. Kisiki kikang'oka. Tumbo, nguru nguru.

Na kule jikoni, chini ya banda, wageni wamekaa kwenye jamvi. Mpishi alikuwa Kanga, mama mmoja mkali, hataki mtu adhulumiwe wala mtu adhulumu. Anaita jina, anasoma karatasi, anapakua, kisha anachora mstari wa mkaa kwenye karatasi hiyo ili ajulikane nani amekula.

"Fisi ni nani?"

"Ni mimi, mama," akasema Nguchiro.

Kanga akapakua mguu wa mbuzi, akachora mstari. Kacha kacha kacha.

Kule shambani Fisi akainua kichwa. Amesikia jina lake.

"Fisi, mwanangu, ongeza supu."

"Asante, mama."

Fisi akainua kichwa tena.

"Fisi, huu utumbo nimekuwekea wewe."

Nguchiro hakuwa na tumbo la kubeba vyote hivyo. Alionja kidogo, kingine akawagawia shemeji zake, wadogo zake Siwatu, na hao wakapiga makofi wakisema, "Fisi ni mtu mwema. Fisi ana mkono wazi." Jina la Fisi halijawahi kusifiwa tangu dunia iumbwe, na siku linasifiwa mwenyewe yuko juani na kisiki.

Hapo ndipo moyo wa Fisi ulipowaka. Yule Fisi pale kwenye jamvi anakula. Yule Fisi anaitwa mwanangu. Yule Fisi anapigiwa makofi. Kwa nini yeye, si mimi? Ana nini yule Fisi ambacho mimi sina? Fisi akamwonea wivu Fisi. Wivu wa jirani unauma, lakini huo wa kujionea mwenyewe hauna hata pa kwenda kusema.

Wingu likajikusanya. Ngurumo, grr, ng'ambo ya mto. Nguchiro akatazama juu, kisha akatazama shambani. Shambani kilibaki kisiki kimoja, kikubwa kuliko vyote, na Fisi alikuwa amesimama, ameegemea jembe, amechoka kabisa. Tone moja tu likianguka sasa, Siwatu ni wa mwingine.

Nguchiro akakohoa, akamwambia Kanga kwa sauti ya kusikika shambani, "Mama, kichwa cha mbuzi bado?"

"Kinatoka sasa hivi, Fisi mwanangu. Ni chako."

Kichwa cha mbuzi. Fisi akalitupa jembe, akakikamata kile kisiki kwa meno, akavuta, akanguruma, akavuta, mpaka kikatoka na mizizi yake yote. Akaruka ukingo wa shamba, akamfuata Nguchiro nyuma ya banda.

"Nirudishie karatasi yangu."

"Kaka, si wewe uliyetaka tubadilishane?"

"Nirudishie. Mimi ndiye Fisi. Nimekuwa Fisi tangu nizaliwe."

"Nimeshaizoea, kaka. Nimeipenda."

"Lete, au nikumeze."

Nguchiro akanung'unika, akavuta midomo, akatoa polepole. Akapokea ile ya mihuri miwili. Kisha akakimbia, nikimwambia mtu alivyokimbia hataamini, akafika mgongoni kwa Mama Siwatu.

"Mkwe, shamba limeisha?"

"Limeisha, mama."

Mkono ukaja nyuma ya bega. Karatasi ikasomwa.

"Sauti imekuwa nyembamba."

"Kazi, mama. Kazi imenimaliza."

"Pole, mwanangu. Siwatu, toka. Mumeo amelima."

Siwatu akatoka ndani. Akalitazama shamba, akautazama mkono wa mumewe, akaliangalia shamba tena. Akajifunga kanga yake vizuri. Tone la kwanza likaanguka, to, likawakuta wameshikana mikono.

Na Fisi? Fisi alikuwa amekaa kwenye jamvi, mate yanamdondoka.

"Mama, mimi ni Fisi. Nimekuja kuchukua kichwa changu."

Kanga akaipokea karatasi, akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma. Nyeusi yote kwa mkaa.

"Fisi ameshakula."

"Mama, tazama tumbo langu."

"Matumbo husema uongo, baba. Mkaa hausemi. Fisi amekula mpaka nimechoka kumpakulia. Kichwa watakula watoto."

Fisi akarudi darajani mvua inamnyeshea. Korongo akaisoma ile karatasi, macho chini, akaona mkaa, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Naona wamekukirimu sana," akasema. "Wengine tuna bahati mbaya."

Pa.

Ngano imevuka, mimi nimebaki. Anayeitaka aifuate, anayenitaka aje na chakula.

Na funzo lipo, msiondoke. Watoto wazuri, kila mtu atembee na karatasi yake mwenyewe, asichukue ya mwenziwe. Nguchiro alichukua ya mwenziwe, na mmeona yaliyompata: mke, mama mkwe aliyeridhika na tumbo lililojaa. Na wahenga walituambia, mla mbuzi hulipa ng'ombe. Mbuzi wa ngano hii aliliwa mpaka mifupa, na aliyelipa hakuonja hata supu. Basi wahenga nao siku ile hawakuwa na karatasi ya kuvukia, hawakwenda Kule kujionea.