Albamu Yenye Mapengo

Kabla hujasoma, weka mkono kifuani uape kwamba haya hayatatoka kwako. Umeapa? Vizuri. Mimi pia niliapa. Niliapa jikoni kwa Bi Mashavu, nimeshika mwiko wake, maana Msahafu ulikuwa chumbani na mumewe alikuwa amelala huko. Lakini mwanangu, kiapo cha mwiko kina nguvu gani? Nikikuambia wewe na wale wa kikundi chetu cha shughuli, na wewe ukimpelekea dada yako, itabaki kuwa siri. Itakuwa siri ya watu wengi tu.

Palikuwa na mwanamuziki mkongwe, Mzee Ngwembe. Mji siutaji. Ni mji wa stesheni, na dansi kule ilianza kupigwa kabla ya umeme kufika. Mzee huyo alikuwa akiimba tangu mimi bado nasukwa nywele na mama. Tumeolewa kwa nyimbo zake, tumeachika kwa nyimbo zake, na wengine wetu, sisemi nani, tuliachika kwa sababu yake.

Alikuwa na desturi moja. Kiitikio cha wimbo alikiimba mara ya kwanza mwenyewe, chote. Mara ya pili aliimba nusu, akainua kidole, bendi nzima ikanyamaza, na ile nusu iliyobaki akawaachia wapenzi wake. Ukumbi mzima ukaitika. Yeye akafumba macho, akasikiliza. Bi Mashavu, mkewe, husema hapo ndipo mumewe alipokuwa akila na kushiba. Chakula cha nyumbani alikidonoa tu.

Sisi wapenzi wake tulikuwa na chama. Usidhani ni cha kucheza muziki peke yake. Tulikuwa na sare, tulichezeana ngoma za harusi, na mwanachama akifiwa, chama ndicho kilichochimba kaburi, kikapika, kikakaa matangani hadi mwisho. Ukifukuzwa kwenye chama, ujue maiti yako itabebwa na wapita njia.

Mwenyekiti alikuwa Mavura, mwenye mashine ya kusaga pale sokoni. Mtu mrefu, sauti nzito, kila siku nyusi nyeupe kwa unga. Hakuna aliyempenda Mzee Ngwembe kama yeye. Nyimbo zote alizijua, hata zile ambazo mzee mwenyewe alikwisha kuzisahau.

Basi siku moja ikatoka albamu mpya. Tukaitazama picha ya mbele, tukatazamana. Mzee wetu amevaa kofia pana, amekaa juu ya gogo, gitaa mapajani. Tukaisikiliza. Hakuna tarumbeta, hakuna tumba. Magitaa machache yanakwenda polepole, na moja linateleza na kulia kama mlango wa zizi. Ilikuwa kantri, ile miziki ya watu wa farasi.

Soko likagawanyika. Huku walisema mzee anazeeka vibaya. Kule wakasema ametulia, sasa anaimba mambo ya moyoni. Mmoja akauliza farasi amefungwa wapi, tumpelekee majani. Mwingine akasema kofia ile ni ya kuficha kipara, si ya muziki. Sikudhani, muuza dagaa, mdomo wake mnaujua, akawajibu kwamba Mzee Ngwembe amekulia porini akichunga ng'ombe wa baba yake, kwa hiyo kama kuna mtu wa kuuimba muziki wa wachungaji ni yeye, wala si wao waliozaliwa nyuma ya stesheni wakichunga kuku wa jirani.

Jambo lililozua ugomvi zaidi lilikuwa mapengo. Katika kila wimbo, kiitikio kikifika mara ya pili, mzee anaimba nusu kisha kimya. Magitaa kimya, yeye kimya. Halafu wimbo unaendelea. Wengi wakasema amesahau maneno, na fundi mitambo naye alikuwa amesinzia. Sikudhani akasema mapengo yale ni yetu. Ametuachia nafasi tuitike, kama zamani. Wakamcheka.

Mavura alikuwa wa kwanza kusema kwa sauti kubwa, tena siku ileile albamu ilipofika, kabla hata haijafunguliwa. Alisimama mlangoni kwa mashine yake, watu wamejaa na magunia yao, akasema, "Sijaisikia na sitaisikia. Harufu yake imenitosha."

Watu wakacheka, wakampigia makofi. Na mtu akishapigiwa makofi kwa neno, kulimeza tena ni kazi. Akaitisha chama, akapitisha amri: mwanachama atakayekutwa anaisikiliza albamu ile, au atakayemwitikia mzee jukwaani katika nyimbo zile, si mwenzetu. Akifiwa hatuendi. Akifa hatumziki.

Tukaitikia ndiyo, sote. Tulikwenda nyumbani tukafunga madirisha, na kila nyumba ikapiga albamu kwa sauti ya chini. Usiniulize nimejuaje. Kuta za mji ule ni za udongo.

Sasa siri yenyewe ndiyo hii.

Masikio ya Mzee Ngwembe yalikuwa yanakufa. Daktari alimwambia hakuna dawa, yatafunga, kwanza moja kisha la pili. Dansi ilikuwa imekwisha kumtoka. Tarumbeta na ngoma zilimwingia kama bati linalokokotwa, hajui wapi sauti inaanza wapi inaisha. Lakini kantri inakwenda mwendo wa ng'ombe. Uzi mmoja wa gitaa unalia, unapumzika, ndipo unalia mwingine. Hapo ndipo alipoweza kufuata. Akatunga albamu nzima kwa mwendo ule, akaacha mapengo, ili awasikie watu wake wakimwitikia mara moja tu kabla mlango haujafungwa.

Bi Mashavu alimsihi awaambie watu. Akakataa. Akasema, "Wakijua wataniitikia kwa huruma. Mimi nataka waitike kwa kuwa wimbo umewaingia."

Hayo nimeyajua baadaye, mambo yameshaharibika, ndipo nikaapishwa kwa mwiko. Siku ya uzinduzi hatukujua kitu. Tulikwenda kwa kuwa Mavura alitaka twende. Alisema twende sare tupu, tukae mbele, tufunge midomo, mzee aone mwenyewe alichokipoteza.

Mzee akapanda jukwaani na kofia yake. Alikuwa amekonda, lakini ametabasamu kama bwana harusi. Akaanza wimbo wa ng'ombe, ule uliopendwa kuliko zote kwenye madirisha yaliyofungwa. Kiitikio chake ni kifupi:

Ng'ombe wamerudi, zizi limejaa,
Mchungaji yuko wapi, mbona hajafika?

Mara ya kwanza akakiimba chote. Mara ya pili akaimba kwamba ng'ombe wamerudi, zizi limejaa. Akainua kidole. Bendi ikanyamaza. Akafumba macho.

Tulikaa. Maneno yalikuwa mdomoni, nakuambia, nilikuwa nayauma kwa meno. Mavura alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, anatuhesabu kwa macho. Mtoto wa mtu akakohoa. Basi.

Mzee akakaa na kidole chake juu. Akageuza kichwa kidogo, akatuelekezea sikio la kulia, kisha akageuza, akatuelekezea la kushoto. Tukadhani ni mbwembwe za jukwaani. Wengine wakacheka chini chini. Kumbe hakuwa na hakika. Hakujua kama tumenyamaza au kama masikio ndiyo yamekwisha.

Akafumbua macho, akaiona midomo yetu imefungwa. Akashusha kidole. Akaweka gitaa chini kwa taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto, akashuka kwa ngazi ya nyuma. Bi Mashavu anasema alirudi nyumbani akalala kifudifudi bila kuvua viatu. Si muda mrefu baada ya hapo sikio lililobaki nalo likafunga. Hakumwambia mtu. Alikuwa akikaa barazani, unampa salamu anakutazama tu. Tukasema ana kiburi, amenuna.

Mavura hakuridhika. Akataka mzee aje mbele ya chama, aifute albamu kwa mdomo wake, arudi kwenye dansi, yaishe. Mzee akaja na mkewe, suti imepigwa pasi, kofia mkononi. Ukumbi umejaa hadi madirishani. Mavura akasema maneno makali mengi, na mzee akamtazama kwa adabu muda wote, hajibu. Tukanong'onezana kwamba dharau hiyo hatujapata kuiona.

Sikudhani akasimama na beseni lake la dagaa. Akasema yeye ni muuza samaki tu, lakini hajawahi kuona kesi mtu anahukumu kitu asichokijua. Mwenyekiti mwenyewe anasema hajausikia hata wimbo mmoja. Basi upigwe hapa, ausikie, kisha ahukumu.

Watu wakaunga mkono, na usidhani ni kwa haki. Tulitaka tuusikie kwa sauti kubwa angalau mara moja. Mavura angekataa angeonekana anaogopa. Akasema, "Pigeni. Sina cha kuogopa." Akasimama pale meza kuu, mikono kifuani, akafumba macho, uso kama wa mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Wakaupiga wimbo wa ng'ombe. Mzee Ngwembe alipoona redio inawashwa, akasogeza kiti chake hadi kwenye spika, akaweka kiganja juu yake. Sisi hatukuelewa. Akawa anatikisa kichwa polepole, akihesabu mapigo kwa mkono.

Kiitikio kikafika, mara ya kwanza, chote. Ubeti ukapita. Kikafika mara ya pili. Ng'ombe wamerudi, zizi limejaa. Mzee, kiganja kwenye spika, akainua kidole kwa mazoea.

Kimya.

Ndipo meza kuu ikaimba.

"Mchungaji yuko wapi, mbona hajafika?"

Hakuguna, hakunong'ona. Aliimba kwa kifua chote, sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine, na mwishoni akaivuta ile "hajafika" vilevile mzee anavyoivuta kwenye albamu. Ilifika mahali pake barabara, haikuwahi wala haikuchelewa.

Mavura akafumbua macho. Alitukuta sote tumemgeukia, na mdomo wake bado uko wazi.

Sisi wanawake tunaosagisha kwake tukatazamana. Kila siku tulimwona midomo inacheza pale penye mashine, na waya mweusi umeingia sikioni. Tulidhani anavuta uradi. Kumbe pale, katikati ya kelele ambazo mtu humsikii hata akikutukana, ndipo mwenyekiti alipokuwa akiitika, nyimbo zote, pengo kwa pengo, kutwa nzima, wiki baada ya wiki. Wimbo ulipoachia nafasi, mdomo ukafanya ulichozoea. Tatizo siku ile mashine haikuwepo.

"Ulisema hujaisikia, Mwenyekiti," Sikudhani akasema, taratibu kabisa.

Kabla hajajibu, Mzee Ngwembe akamgeukia mkewe. Spika ilikuwa imetulia chini ya kiganja chake, kisha ikaanza tena kutetemeka, kwa hiyo alijua pengo limekuja na limepita. Akauliza kwa sauti kubwa mno, sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe:

"Wameitika?"

Hapo ndipo ukumbi ulipojua. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Nilimwona mwanamke mmoja akijifunika uso kwa upande wa kanga, na mwanamume mmoja akiitazama dari kana kwamba imeandikwa kitu.

Bi Mashavu akamwonyesha mumewe kidole kimoja.

"Mmoja? Nani?"

Kile kidole Bi Mashavu akakigeuza, akakielekeza kwa Mavura. Akakiacha hapo, hakukishusha.

Mzee akasimama. Akavuka ukumbi kwa fimbo yake, tukampisha njia. Akaushika mkono wa Mavura kwa mikono yake yote miwili.

"Ahsante, baba," akasema. "Nilidhani hakuna hata mmoja."

Mavura akamwomba amsamehe. Mzee akatikisa kichwa, akitabasamu. Mavura akasema tena, kwa nguvu zaidi. Mzee akaendelea kutabasamu kwa adabu, kama mtu anayesemeshwa lugha ya ugenini. Mara ya mwisho mwenyekiti alipiga kelele, ile sauti yake yote ya mashine ya kusaga, machozi yanatiririka juu ya unga, "Nisamehe, mzee," na mzee akampigapiga begani, akageuka, akarudi kukaa na mkewe.

Mavura akabaki katikati ya ukumbi, sote tunamtazama, na nyuma yake wimbo ulikuwa unaendelea.

Funzo: Ukikipenda kitu chumbani ukakikana barazani, siku mdomo wako utakapokutoroka ukasema kweli, huenda aliyeisubiri kweli hiyo hana tena sikio la kuisikia.