Spika Ndani ya Friza

Bi Msiri alikuwa anamwoza bintiye kesho yake, na nyama ya pilau hakuwa nayo. Akaenda kwa Bwana Ngwali, mwenye bucha, akamkuta akizifuta vumbi spika zake kubwa.

"Nyama ya bure sina," Ngwali alisema kabla ya salamu.

"Sikuja kuomba, bwana. Nimezionea huruma spika. Mbona huzigandishi?"

"Nizigandishe?"

"Zikilala kwenye friza, sauti hutulia. Ila friza iwe tupu."

"Na nyama iliyomo?"

"Ndiyo ujira wangu. Usiposikia tofauti, nakurudishia yote."

Ngwali alicheka moyoni, maana jibu alikuwa nalo tayari: atasema hasikii tofauti yoyote. Akakubali.

Asubuhi alizileta mwenyewe arusini, zikitiririka maji, akawasha muziki mbele ya wageni. Nyama ilikuwa ingali mbichi sufuriani.

"Jamani," Bi Msiri alipaza sauti, "tofauti hii huisikia muungwana. Punda hasikii kitu! Haya, Bwana Ngwali, umeisikia?"

Watu wote waligeuka kumtazama. Ngwali alikohoa.

"Naisikia vizuri sana," alisema, na moto ukawashwa.